Kukadiria umri wa kijitabu cha wakanamungu wa London kisicho na mwaka

Anza kwa kusoma sehemu ya chini ya jalada, kisha ukurasa wa mwisho: sheria ya Uingereza ya 1799 ilimlazimu mchapaji kuweka jina na anwani yake.

Kijitabu chenye "Freethought Publishing Company, 28 Stonecutter Street" si cha kabla ya 1877, wakati wakanamungu Charles Bradlaugh na Annie Besant walipoianzisha kampuni hiyo. Anwani ikiwa 63 Fleet Street, kijitabu ni cha baadaye. Ila usiamini anwani peke yake: Stonecutter Street ilitumiwa baadaye na Progressive Publishing Company ya G. W. Foote, mkanamungu mwingine.

Hesabu kurasa pia. Karatasi moja iliyokunjwa mara tatu hutoa kurasa 16. Zikipungua, huenda baadhi ya kurasa zimechanika na kupotea. Jalada jipya juu ya kurasa za zamani ndilo linalopotosha wengi, kwa hiyo linganisha karatasi na herufi za ndani.