Rangi au steini? Kuchagua ya kupaka baraza na ua wa simiti, Lamu na Malindi

Rangi ikibanduka barazani, watu hulaumu jua au hulaumu kopo. Mara nyingi kosa liko chini ya rangi: simiti ilikuwa na unyevu, ilikuwa na chumvi, au vyote viwili. Mwambaoni chumvi huingia kwa njia nyingi: mchanga wa ufuoni uliochanganywa kwenye zege, maji ya kisima ya magadi-magadi, na upepo wa bahari usiku kucha. Kwa hiyo usianze kwa kuchagua rangi ya kupendeza macho. Anza na sakafu.

Hatua ya 1: Pima unyevu

Simiti mpya iache siku 28 kabla ya kuipaka chochote. Ikiwa bado mbichi hutoa maji, na alkali yake ni kali.

Ya zamani ipime hivi. Fagia mahali vumbi liishe, weka karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibane pande zote nne kwa utepe, uiache saa 16 hadi 24. Chagua mahali penye kivuli, kwa sababu jua kali huharibu kipimo. Ukifunua ukakuta matone chini ya nailoni, au simiti imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, maji yanapanda kutoka ardhini. Fanya kipimo mara tatu sehemu tofauti, na moja iwe karibu na ukuta wa choo au birika. Huko ndiko unyevu hujificha.

Hatua ya 2: Tofautisha chumvi na kuvu

Unga mweupe unaoyeyuka ukiutia maji ni chumvi. Usugue kwa brashi kavu, uuzoe, uutupe mbali. Ukianza kwa kumwaga maji, chumvi huyeyuka na kurudi ndani ya simiti, kisha hutokeza tena ikishakauka. Weusi au ukijani ni kuvu na ukoga: changanya sehemu 1 ya jiki na 3 za maji, acha dakika 15, sugua, suuza sana.

Jiki na asidi zisikutane kamwe, hata kwenye ndoo isiyosuuzwa. Hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huua.

Hatua ya 3: Chagua

Vitu vya kupaka sakafu ni vya aina mbili. Iko rangi inayofanya ngozi juu ya simiti, na iko steini, ambayo simiti huinywa. Ngozi huficha viraka na nyufa ndogo, lakini maji yakipanda kwa chini huisukuma ikavimba malengelenge. Steini haifichi kitu, ila haina ngozi ya kubanduka. Basi nailoni ikitoka na matone, chagua steini, au iache simiti wazi na uipake dawa ya silani au siloksani, inayozuia maji ya mvua kuingia huku mvuke ukipata kutoka. Hakuna kopo la bei ghali linaloshinda maji ya ardhini.

Sakafu ikiwa kavu, akriliki ya sakafu za nje ndiyo ya kutegemea: hustahimili jua na alkali, na huachia mvuke kidogo. Usidanganyike na emalsheni ya ukutani kwa sababu zote ni za maji. Miguu huimaliza upesi. Rangi ya mafuta usiitie kabisa kwenye simiti tupu. Alkali hugeuza mafuta yake kuwa sabuni, ikawa laini na kunata, kisha ikatoka vipande vipande. Epoksi ni ngumu kweli na hufaa stoo au gereji yenye kivuli, lakini juani hugeuka njano na kutoa vumbi kama la chaki, hadi ifunikwe kwa poliyurethani isiyoathiriwa na jua.

Steini nazo ziko mbili. Ya maji yenye akriliki hutoa rangi sawasawa. Ya asidi huungana na chokaa iliyomo ndani ya saruji na kutoa kahawia na udongo wenye mawimbi. Huwezi kuamrisha itoke vipi, na hiyo ndiyo raha yake. Ile ya kijani-buluu iepuke nje, kwani ikikaa na unyevu hugeuka nyeusi. Steini yoyote haiingii pale palipowahi kupakwa rangi.

Njia ambayo punda hupita na mizigo, kama vichochoro vya Lamu, itie steini. Kwato huchubua ngozi ya rangi. Ua wa msikiti au baraza ambako watu hukanyaga pekupeku utie rangi nyepesi, kijivu au mchanga. Rangi iliyokolea huchoma nyayo adhuhuri. Ukitaka nyekundu, tafuta yenye oksaidi ya chuma, ambayo haipauki.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa si simiti. Huo hupakwa chokaa, ili upumue.

Hatua ya 4: Fungua simiti

Dondosha maji. Yakinywewa ndani ya dakika moja hivi, kuosha kunatosha. Yakisimama kama juu ya jani la mgomba, kuna mafuta, au sakafu ilipigwa niru (uji wa saruji unaolainishwa juu) ikaziba. Mafuta yatoe kwanza kwa sabuni kali. Niru ifungue kwa asidi ya kuoshea sakafu: mimina lita 1 ya asidi ndani ya lita 10 za maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Vaa glavu, miwani na buti. Lowesha sakafu, mwaga, sugua dakika 5 hadi 10, suuza kabla haijakauka, kisha pitisha maji yenye magadi na usuuze tena kwa maji matamu. Simiti ishike mkononi kama msasa laini. Asidi isiguse ukuta wa chokaa, huila. Acha ikauke, kisha rudia kipimo cha nailoni.

Hatua ya 5: Kiasi na kupaka

Baraza ya mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12. Mkono wa kwanza (tabaka la kwanza) wa akriliki, uliozimuliwa kwa maji asilimia 10 ikiwa kopo linaruhusu, huenda mita 6 kwa lita: lita 2. Wa pili huenda mita 8: lita 1.5. Nunua kopo la lita 4.

Subiri masika yaishe. Paka baada ya saa 9 alasiri, sakafu ikianza kupoa. Asubuhi simiti inayopata joto hutoa hewa na kuacha vitundu kwenye rangi. Maliza mapema, umande usiikute mbichi. Ukilaza usiku kati ya mkono na mkono, ifute kwa kitambaa cha maji matamu na uiache ikauke, kwa maana upepo umeshaweka chumvi juu yake.

Penye kuteleza, nyunyizia mchanga safi wa silika kwenye mkono wa kwanza ungali mbichi. Wa ufuoni haufai, una chumvi. Kanyaga kwa miguu mitupu baada ya siku moja. Mitungi, viti na mikokoteni ingoje siku 7.