Mafumbo ya Hesabu kwa Watoto Wadogo: Yapi Yanafaa na Namna ya Kuyatega

Ndege kumi wametua mtini, umempiga mmoja kwa manati, wamebaki wangapi? Mtoto wa miaka sita akijibu tisa, watu wanacheka: hakubaki hata mmoja, wote wameruka. Watu wazima wanalipenda sana fumbo hili, lakini mtoto anayejifunza kutoa linamuumiza. Amehesabu sawasawa, kumi toa moja ni tisa, na bado ameambiwa amekosa. Ukimrudia na mafumbo ya aina hiyo mara kadhaa, ataanza kuogopa hata maswali ya kawaida akidhani kila moja lina mtego.

Hata hivyo mafumbo magumu yanamfaa mtoto mdogo, tena tangu miaka minne au mitano. Cha kuangalia ni mahali mtego ulipo.

Kuna mitego ya maneno, kama hao ndege, au kilo ya pamba na kilo ya chuma ipi nzito. Humo zimo pia zile picha za matunda zinazozunguka WhatsApp, ambamo kichane kimoja cha ndizi kimepunguzwa ndizi moja kwa siri. Kuna mitego ya maandishi: mwaka 2019 watu wazima duniani kote walibishana mtandaoni juu ya 8 ÷ 2(2 + 2), wengine wakipata 16, wengine 1, kwa sababu tu hesabu yenyewe imeandikwa kwa namna inayosomeka kwa njia mbili. Hayo yote mwekee mpaka akue. Yanayomfaa sasa ni mafumbo ambayo ugumu wake uko kwenye mpangilio wa vitu vyenyewe, yaani vitu anavyoweza kuvishika, kuvikata, kuvisogeza na kuvihesabu tena.

Kipimo ni kimoja: je, mtoto anaweza kuhakikisha jibu kwa mikono yake bila kukuuliza wewe? Kama anaweza, mpe. Kama lazima wewe useme "hapana, jibu ni hili", liache.

Kabla ya kuanza

Angalia kwanza anahesabu hadi ngapi bila kuruka namba na bila kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Fumbo litumie namba zisizozidi nusu ya hapo. Anayefika 20 bila kujikwaa apewe fumbo la vitu 10 au pungufu. Namba zikiwa kubwa, nguvu zote zinaishia kwenye kuhesabu, na mpangilio wenyewe hauoni.

Kisha fanya jaribio lililojulikana kupitia Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Panga vizibo 6 vya soda kwa mstari, na chini yake vingine 6 vinavyolingana navyo kimoja kwa kimoja. Muulize wapi ni vingi. Akisema ni sawa, tanua mstari wa chini mbele ya macho yake, uwe mrefu, kisha uliza tena. Watoto wengi wa miaka minne na mitano watasema mstari mrefu ndio wenye vingi. Usimsahihishe, hajafanya kosa la uzembe. Ni dalili tu kwamba mafumbo ya kulinganisha ("nani ana zaidi, kwa ngapi?") bado hayajafika kwake. Rudia jaribio baada ya miezi michache. Mafumbo ya kukata na kuvusha hayahitaji asubiri.

Muwa: mikato na vipande

Hili ndilo fumbo la kwanza la kumpa. Kwa usalama tumia uzi wa sufi na mkasi mdogo, au donge la unga wa chapati lililosukumwa liwe refu, akate kwa kisu cha plastiki. Uzi uwe wa sentimita 30 hivi. Mwambie ni muwa.

Uliza: "Nataka vipande vinne. Nikate mara ngapi?" Karibu wote hujibu mara nne. Usikubali wala usikatae, uso wako usiseme kitu. Mwambie tu, "Haya, kata tuone." Baada ya kila mkato asimame ahesabu kwa sauti. Mkato wa kwanza, vipande viwili. Wa pili, vitatu. Wa tatu, vinne. Hapo atashika mkasi akitaka kukata mara ya nne kama alivyosema, kisha ataona vinne tayari vipo. Nyamaza. Mpe nafasi ya kushangaa, maana fumbo lote limo katika ukimya huo, na mkubwa akiingiza maelezo anaufuta.

Halafu: "Na vipande vitano?" Wengi watasema tano tena. Ni kawaida, jambo hili halishiki mara moja. Chukua uzi mwingine, na safari hii andika mikato upande mmoja na vipande upande wa pili: 1 na 2, 2 na 3, 3 na 4. Atakapoanza kutabiri mstari unaofuata kabla ya kukata, amefika.

Kosa kubwa la mzazi hapa ni kumpa kanuni: "Punguza moja." Atajibu vizuri mpaka umletee uzi uliofungwa ncha kwa ncha ukawa duara kama bangili. Duara ukilikata mara nne unapata vipande vinne kamili. Aliyekariri "punguza moja" atasema mara tatu. Aliyekata mwenyewe atasita, aangalie ule uzi, kwa sababu anajua mkato wa kwanza hauleti vipande viwili, unalifungua tu duara. Kwa hiyo fumbo la bangili lifuate la muwa baada ya siku chache, lisikose.

Atakuja pia mtoto atakayekunja uzi katikati na kukata mara moja apate vipande vitatu, au atakayelaza vipande viwili pamoja na kuvikata kwa mkupuo apate vinne kwa mikato miwili. Mkubali na umsifu. Kisha weka sharti jipya waziwazi: "Sasa bila kukunja wala kulaza pamoja." Sharti usilolitaja mwanzoni halina haki ya kumkosesha mtu.

Fumbo la nguzo ni ndugu wa hili: uzio ulionyooka wenye nafasi nne kati ya nguzo unahitaji nguzo tano. Tumia njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa, zichomekwe kwenye udongo.

Vichwa na miguu

Hili ni la miaka saba na nane, ingawa la namba ndogo hata wa sita analiweza. Uani kuna kuku na mbuzi. Vichwa ni 5, miguu 14. Kuku wangapi, mbuzi wangapi?

Usianze na hayo. Anza na vichwa 3 na miguu 8. Mtoto achore duara tatu (duara tu, la sivyo nusu saa itaisha kwenye mapembe na mikia). Kila duara alipe miguu miwili, kwa kuwa hakuna mnyama hapa mwenye pungufu ya hiyo. Imetumika 6, imebaki 2. Miwili hiyo aiongeze kwa mnyama mmoja, naye amegeuka mbuzi. Basi: mbuzi 1, kuku 2. Akishika njia hii, vichwa 5 na miguu 14 havimsumbui: miguu 10 inagawiwa kwanza, 4 iliyobaki inatengeneza mbuzi 2, kuku wanabaki 3.

Fumbo kama hili limo katika kitabu cha kale cha hesabu cha Wachina, Sunzi Suanjing, kwa ndege na sungura: vichwa 35, miguu 94. Njia ya duara inalifungua vilevile, ndege 23 na sungura 12, ila hilo ni la wakubwa.

Likiharibika, mara nyingi aliyetunga ndiye aliyeliharibu. Ukibuni namba kichwani unaweza kutoa miguu 13, na jibu halipo. Tunga kinyumenyume: amua wanyama kwanza, hesabu vichwa na miguu yao, kisha ficha wanyama.

Chui, mbuzi na majani

Mtu anataka kuvusha mto chui, mbuzi na majani, lakini mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Chui akiachwa na mbuzi atamla, mbuzi akiachwa na majani atayala. Tandika leso iwe mto, tumia jiwe, kizibo na jani. Inahitaji safari saba, za kwenda na za kurudi zikihesabiwa zote. Watoto hukwama mahali pamoja: hawawazi kwamba mtumbwi unaweza kurudi na mzigo. Usiseme "mrudishe mbuzi." Uliza, "Mtumbwi ukirudi, lazima urudi mtupu?" na uishie hapo.

Swali lisilo na jibu

Karibu mwaka 1980, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza wanafunzi 97 wa madarasa ya chini ya msingi: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana miaka mingapi? Wanafunzi 76 walitoa umri kwa kuchezea namba zilizotajwa. Walikuwa wamezoea kwamba kila swali lina jibu na kila namba lazima itumike.

Swali la namna hii linafaa kuanzia miaka saba, kwa sharti moja: mtoto awe ameambiwa mapema kuwa "haijulikani" ni jibu halali. Changanya swali moja la hivyo katika kila matano, na akisema haijulikani, muulize ni habari gani inakosekana.

Muda na maneno yako

Dakika 10 hadi 15, fumbo moja kwa siku, mara mbili au tatu kwa wiki. Lisipofunguka, liache mezani hadi kesho. Kaka na dada wakubwa wasiwepo, au wapewe la kwao.

Swali "umejuaje?" liulize akipata na akikosa. Ukiliuliza akikosa tu, atajifunza kwamba likitoka ina maana amekosea, na atabadili jibu hata lililo sahihi.

Fumbo limemzidi ukiona anataja namba ovyo, anajumlisha kila namba aliyoisikia, au anaangalia uso wako badala ya vitu. Punguza namba kwa nusu papo hapo. Ikishindikana, funga kwa upole, lirudi baada ya miezi miwili.

Mwalimu mwenye darasa kubwa awagawe wawili wawili, kila jozi na uzi wake. Majibu yaoneshwe kwa vidole kifuani, bila sauti, ili mwepesi mmoja asiwanyang'anye wengine fumbo lao. Kisha aite jozi mbili zilizotofautiana, zikate mbele ya wote, darasa lihesabu.