Daftari la mema: namna ya kuliandika usiku bila kujidanganya

Ukiuza mbaazi na maandazi Ngamiani, mjini Tanga, tangu alfajiri, wateja 40 wakalipa na mmoja akaondoka na deni, usiku utalala na yule mmoja. Ndivyo akili ilivyo: baya hunasa upesi kuliko jema, kwa kuwa hatari ndiyo inayodai kuangaliwa kwanza. Jema lisipoandikwa, limepotea.

Tafuta daftari dogo la kurasa 48, kalamu na dakika 10. Usitumie simu, maana ukiifungua tu unakutana na ujumbe wa anayekudai. Wakati uufungamanishe na jambo ambalo hulikosi, mfano baada ya sala ya Isha au ukishakomea mlango. Ukisema "nitaandika nikipata nafasi", siku ya nne umeshasahau.

Andika mambo matatu mema ya siku hiyo hiyo, na chini ya kila moja sentensi moja inayoeleza kwa nini limetokea. Usiiruke hiyo "kwa nini", kwani ndiyo inayokuonyesha mkono wa mtu, au jitihada yako mwenyewe. Huko Marekani, mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walilijaribu zoezi hili na kutoa matokeo mwaka 2005: wiki moja tu ya kuandika, na nafuu ilionekana hata miezi 6 baadaye, hasa kwa walioendelea kwa hiari yao.

"Nashukuru kwa afya" haitoshi. Alhamdulillah ya mdomoni twaisema mara nyingi kwa siku, nayo ni njema. Hapa tunaifunga na jambo lenyewe. Andika hivi: "Leo tui lilikuwa zito, sufuria ikaisha kabla ya saa 3 asubuhi. Kwa nini: wifi alikuna nazi ya tatu bila kuambiwa."

Baada ya wiki mbili hivi wengi huanza kurudia: watoto, afya, chakula. Jicho limezoea. Punguza, andika mara moja kwa wiki mambo matano, kama walivyofanya kwa wiki 10 watu walioshiriki utafiti wa 2003 wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough. Au chukua jambo moja ujiulize: lisingetokea, leo ingekuwaje? Nazi ile isingekunwa, je?

Usiandike "afadhali mimi kuliko jirani". Shukrani ya namna hiyo inangoja mwenzako aumie, na akiinuka itakuuma.

Wala daftari halilipi kodi ya nyumba. Matatizo yape ukurasa wa mwisho: kiasi, tarehe, na hatua moja ya kesho. Lisilo na hatua liandikie "haliko mikononi mwangu", ufunge. Mfiwa asilazimishwe kutafuta mema, aachwe alie. Na huzuni ikidumu wiki mbili mfululizo, usingizi umepotea na kazi hazifanyiki, nenda kituo cha afya ukaonane na daktari.

Kila mwisho wa mwezi pitia zile sentensi za "kwa nini". Jina litakalojirudia, mwenyewe mfuate, umwambie ana kwa ana na kwa jambo mahususi: "Wifi, ile nazi ya Jumanne ndiyo iliyomaliza sufuria yangu."