Bekho ya zamani: anza na oili ya gia
Bekho (mashine ya kuchimba yenye ndoo mbele na nyuma) ikianza kuchelewa kuondoka ukiingiza gia, usikimbilie kushusha giaboksi. Pima oili kwanza. Nyingi zenye toki konveta (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili) hupimwa injini ikizunguka taratibu, oili ikiwa ya moto, gia iko huru, breki ya mkono imevutwa na ndoo ziko chini. Lakini fuata kitabu cha mashine yako. Halafu inuse. Harufu ya kuungua mara nyingi ni klachi zinazoteleza. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, pengine kupitia kipumulio (tundu la hewa la giaboksi) au kipoza oili. Filta iliyotolewa ipasue: vumbi laini la chuma si ajabu, vipande ni balaa. Na jamani, dereva asimamishe mashine kabisa kabla ya kuweka rivasi!