Kuomba fedha za utafiti wa osteopathi ukiwa Tanga

Kabla hujaandika hata sentensi moja, mjue mfadhili. Nchini Marekani, ambako Andrew Taylor Still aliianzisha osteopathi, tiba ya mikono kwa mifupa na misuli, mwaka 1874, mhitimu wake ni daktari kamili. Ulaya, sehemu nyingi, ni mtaalamu wa tiba ya mikono. Basi tangazo likitaka mtafiti mkuu awe daktari wa osteopathi, sisi wa fiziotherapia hapa Tanga tunaingia kama watafiti wenza, au hatuingii kabisa. Anza na kipengele cha sifa za mwombaji, ndipo ujipe moyo.

Fedha za serikali ya Marekani zina mlango wake. NCCIH, kituo cha tiba za ziada kilicho chini ya NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, hufadhili pia tafiti za tiba ya mikono, lakini taasisi yako lazima iwe imesajiliwa SAM.gov, tovuti ya serikali hiyo ya kusajili wapokeaji wa fedha zake, na kupata UEI, namba ya utambulisho iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya DUNS mwaka 2022. Hilo haliishi kwa siku moja. Mfuate mhasibu mapema, tena kwa adabu, maana nyaraka anazo yeye.

Sasa swali. "Je, osteopathi inasaidia mgongo?" ni swali la kijiweni. Mimi ningeuliza hivi: kwa wakata mkonge wa Muheza wanaoumwa kiuno kwa zaidi ya wiki 12, je, wakiongezewa tiba ya mikono mara moja kwa wiki juu ya mazoezi ya kawaida, alama zao kwenye Roland-Morris, dodoso la kupima jinsi maumivu ya kiuno yanavyozuia shughuli, zitapungua baada ya wiki 8? Dodoso hilo lina kauli 24, na usilitafsiri ukiwa mezani. Kauli moja inahusu kushika reli unapopanda ngazi. Mkata mkonge anayelala kwenye nyumba ya kambi isiyo na ngazi atakujibu "hapana" huku kiuno kikimuua. Weka kwenye bajeti fedha ya kutafsiri na kulijaribu kwanza kwa watu wachache.

Mahali ambapo maandiko mengi ya kuomba fedha ya fani yetu hulegea ni kwenye kueleza mkono. Kidonge kina miligramu zake. Mkono wa Mwanaidi si mkono wa Hamisi. Ukiandika tu "mgonjwa atapatiwa tiba ya osteopathi", msomaji hajui utafanya nini. Fuata TIDieR, orodha ya mwaka 2014 ya kueleza tiba inayofanyiwa utafiti, ina vipengele 12: nani anatibu, ana mafunzo gani, mgonjwa amelala vipi, unagusa wapi, kwa dakika ngapi, na nani atakagua kwamba watibabu wote wanafanya vilevile.

Halafu kuna tiba ya geresha, yaani kumgusa mgonjwa kijuujuu ili kupata kundi la kulinganisha. Wanaokagua maandiko wanaipenda. Huku kwetu mimi nina mashaka nayo. Mtu wa Tanga amekandwa tangu akiwa mchanga, mama yake alikandwa arobaini nzima, na mkono usiofanya kazi anaujua mara moja. Atakwambia "dada, mbona hukandi?" na siri imeishia hapo. Ukiiacha, sema wazi kwa nini, kisha linganisha na huduma ya kawaida, na anayepima matokeo asijue nani yuko kundi gani. Hoja hiyo huwezi kuinakili kwenye andiko la mtu wa Chicago, kwa hiyo ipe aya nzima.

Kibali cha maadili cha kitaifa hutoka NatHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili anachokielewa mkulima. Mshirika wa kigeni atahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Jaribio lenyewe lisajili PACTR, daftari la majaribio ya tiba la Afrika, kabla ya kumwandikisha mshiriki wa kwanza.

Kwenye bajeti usione haya kuandika nauli ya Muheza hadi hospitali ya Bombo, kwenda na kurudi, kwa kila hudhurio. Mkata mkonge hulipwa kwa kazi aliyoifanya. Siku akija kliniki hajakata, basi fidia hiyo nayo iandike na uitetee. Mtakwimu mlipe tangu mwanzo. Ukimwita mwishoni atakuta sampuli ndogo na hana la kukusaidia.

Tarehe ya mwisho ikitajwa kwa saa za mfadhili, igeuze kwa saa zetu. Saa kumi na moja jioni ya New York ni saa sita usiku Tanga, na wakati wa baridi yao ni saa saba usiku. Mimi hupakia faili siku mbili kabla, mchana, mhasibu akiwa ofisini.