Pazia la mpasheni kwenye ukuta wa magharibi

Ukuta unaotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri, ndiyo maana chumba kilicho nyuma yake huwa na fukuto hadi saa nne usiku. Pazia la mpasheni huzuia jua hilo kabla halijagusa ukuta. Pwani panda pasheni ya njano. Ya zambarau hupendelea nyanda za juu zenye baridi.

Chimba mashimo ya sentimita 45 kila upande, sentimita 60 kutoka ukutani, yakiachana mita 3. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Mbichi huunguza mizizi.

Simika nguzo sentimita 40 kutoka ukutani, ufunge nyaya tatu zisizoshika kutu. Shina likifika waya wa juu kata ncha, matawi ya pembeni yatashuka yenyewe. Nafasi kati ya mmea na ukuta usiizibe. Mmea ukilalia ukuta wa udongo, unyevu hubaki, lipu hubanduka, na mchwa hupanda bila kuonekana.

Pasheni ya njano haijichavushi. Vipandikizi vya mmea mmoja vitakupa majani matupu, hivyo panda miche ya mbegu kutoka mimea tofauti. Mchavushaji wake ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao: mwekee gogo kavu karibu, asije akahamia kwenye kenchi za paa.

Tawi linalofikia mfereji wa bati likate mapema. Majani makavu huuziba, na maji ya mvua humwagikia ukutani.