Kompyuta Inajizima na Kujiwasha: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaibeba kwa Fundi

Kuna siku nilinunua RAM mpya (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya kompyuta yangu ya mezani, nikaipachika, nikakaa pembeni nikijipongeza. Saa moja na nusu jioni mashine ikajizima na kujiwasha, vilevile kama jana yake. RAM ya zamani ilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa ekstensheni iliyojificha nyuma ya meza. Nilikuwa nimeibebesha friji, tivii na kompyuta, na tundu moja lilishaanza kuwa la kahawia na kunuka plastiki iliyoungua. Friji ikianza kuvuma, kompyuta inakata. Hela ya RAM ilikwenda hiyo.

Tangu hapo, mtu akinilalamikia hapa Mwanza kwamba kompyuta yake inajirestati, sianzi kumuuliza ina RAM kiasi gani. Namuuliza inafanya hivyo saa ngapi.

Ila kabla hata ya kujibu hilo, toa mafaili yako. Kompyuta inayokatwa ghafla inaweza kuharibu faili iliyokuwa inaandikwa dakika ile, na ikirudia-rudia, siku moja Windows yenyewe itagoma kuwaka. Picha za watoto, vyeti ulivyoskani, hesabu za duka, vyote vihamishie kwenye flashi au diski ya nje, kisha uvifungue kwenye mashine nyingine uone kama kweli vimekwenda. Wengi huishia kwenye kukopi, halafu wanakuja kukuta flashi ina majina ya mafaili tu.

Kisha weka karatasi pale mezani. Kila ikijizima, andika tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, na nini kingine kilikuwa kimewashwa nyumbani. Wiki moja inatosha. Ikiwa inakata jioni tu, shuku umeme. Ikikata baada ya nusu saa ya gemu au kuhariri video, shuku joto. Ikikata ukigusa meza au ukisogeza waya, jibu unalo tayari: kuna waya uliolegea. Ikijirestati usiku wa manane wakati wewe umelala, na asubuhi unakuta kila kitu kipo salama, huenda ni Windows inajisasisha tu, na huo si ugonjwa.

Kompyuta nayo ina daftari lake. Bonyeza kitufe cha Windows, andika eventvwr, ingia kwenye kumbukumbu za System. Kila tukio lina namba yake, chini ya Event ID. Namba 1074 maana yake kuna programu au mtu aliyeagiza izimwe. Namba 41 ndiyo inayowatisha watu, wanadhani wameonyeshwa kifaa kilichokufa. Hapana. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Sababu bado hujaijua.

Sasa umeme, na hapa sitafanya haraka, maana ndipo wengi wetu tunapokwama. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani, yaani lile boksi ndani ya kasha linalopokea umeme wa ukutani, ikikosa umeme inashikilia kwa milisekunde kama 16 hivi, yaani hata kope hujafumba ukafumbua. Taa ikipepesa mara moja wewe unaendelea na chai, kompyuta imeshazimika. Jioni ndiyo saa ya watu kurudi nyumbani, pasi zinawashwa, pampu zinapandisha maji kwenye matangi ya mlimani, na nyumba inayopokea umeme kwa waya mrefu na mwembamba inaona volti zinashuka. Ukiweza, azima multimita, kile kipima volti, au muite fundi umeme aje jioni hiyohiyo na si saa nne asubuhi, kwa sababu saa nne atakuta volti zimetulia akuone unausingizia umeme.

Kipimo rahisi cha kutenganisha nyumba na mashine ni kuihamisha. Ibebe ikakae siku mbili kwa shemeji Buhongwa, ifanye kazi zilezile. Ikitulia kule, tatizo limebaki kwenye ukuta wako. Kwa laptopu yenye betri nzima ni rahisi zaidi: chomoa chaja, uitumie hivyo hivyo, uone.

Nyumba zetu za kwenye miamba zina jambo lake. Nondo ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, inatakiwa izame ardhini, na ukiwa umejenga juu ya jabali, si ajabu ikawa imegonga jiwe na kuachwa hapo juu juu. Ethi mbovu si lazima ndiyo inayorestati kompyuta yako, ila ukishika kasha la chuma ukahisi linawasha vidole, usiendelee kulizoea. Tafuta fundi mwenye kipima ethi. Hata ekstensheni za kukinga radi nyingi hutegemea hiyo ethi. Na mvua za ziwani hupenda kuja usiku au alfajiri na ngurumo zake, kwa hiyo ukiona upande wa ziwa unamulika, chomoa kabisa ukutani, pamoja na waya wa intaneti. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Kuhusu UPS, lile boksi lenye betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika: watu huiamini kwa sababu taa yake inawaka. Funga kazi zako zote, kisha chomoa UPS ukutani wakati kompyuta imewashwa. Ikikata hapohapo, huenda betri imekwisha, na inawezekana kabisa UPS hiyohiyo ndiyo inayokukata kila siku. Betri hizi huishi miaka 3 hadi 5, na kwenye chumba chenye joto hazifiki. Usichomeke printa ya leza wala pasi humo. Stebilaiza ni kitu kingine: inanyoosha volti, lakini umeme ukikatika nayo inakatika.

Ukishajiridhisha na ukuta, ndipo ufungue kasha. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza chaji iliyobaki, gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kitu ndani. Nilipofungua yangu hapa Kirumba, mapezi ya chuma yaliyo chini ya feni ya prosesa yalikuwa yameshonwa kwa vumbi na vile vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku, vimekaukiana vikawa kama kipande cha blanketi kuukuu. Hewa ipite wapi? Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi, na joto likizidi inazima ili isiungue. Toka nje, tumia brashi laini na blowa, na uishike feni kwa kidole isizunguke. Usipulize kwa mdomo, utaweka mate. Kama ni safi na bado inachemka, huenda ile pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake imekauka, ibadilishwe.

RAM kama ziko mbili, toa moja, tumia siku nzima, kisha ubadilishane. Pia bonyeza kitufe cha Windows, andika mdsched, Windows itaipima RAM yenyewe. Angalia kapasita za kwenye bodi, vile vijipipa vidogo vya kutunza chaji: zenye vichwa vilivyovimba au vinavyovuja zimechoka. Kitufe cha kuwashia nacho hukwama, kijaribu. Pawa saplai usiifungue kamwe, ndani yake hubaki umeme mkali hata ikiwa imechomolewa. Na ile swichi nyekundu nyuma yake yenye 115 na 230, iache kwenye 230.

Bado jambo moja la kufanya ukiwa nyumbani. Windows ikianguka huonyesha skrini ya buluu, halafu inajirestati yenyewe kabla hujasoma. Bonyeza kitufe cha Windows, andika sysdm.cpl, fungua Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, uondoe alama kwenye Automatically restart. Siku ikianguka tena, maandishi yatabaki pale uyapige picha kwa simu. Na kama haikuonyesha buluu hata mara moja, inakata tu giza, rudi kwenye umeme, joto na pawa saplai.

Ikibidi uende kwa fundi, nenda na ile karatasi, ile picha, na waya wako wa umeme, kwa sababu waya wa fundi unaweza kuwa mzima ukaficha ubovu wa wako. Monita iache nyumbani. Ukipanda bodaboda, kadi kubwa ya picha itolewe kwanza, isije ikavunja sloti barabarani. Mwombe aiache ikifanya kazi nzito walau saa moja mbele yako, na kifaa chochote atakachobadilisha, akurudishie kile cha zamani.